Mashine ya Kumi na Mbili

Lazarus Awiti alikuwa na mashine kumi na moja za kutafutia mabomu ya ardhini. Zote zilikuwa za zamani, zimepangwa kwenye chumba cha pili cha nyumba aliyopanga Mutuini, na majirani walidhani anatengeneza redio kuukuu. Hakuwasahihisha. Alikuwa amelitumikia jeshi miaka ishirini na mitatu katika kikosi cha wahandisi, akastaafu, mkewe akafariki, na kilichobaki cha kumshughulisha kilikuwa kwenye rafu zile: mipini ya mianzi, masanduku ya mbao yenye nambari za jeshi zilizofifia, na nyaya alizozifunga kwa uangalifu kama mtu anayesuka nywele za mtoto.

Binti yake Ivyne, aliyekuwa akifanya kazi ofisini Kilimani, alimtembelea kila Jumapili. Alizoea kusimama mlangoni mwa chumba kile na kusema, "Baba, hivi vitu vinakula nafasi ya mtu." Lazarus alicheka tu. Mara nyingine alicheka kwa sababu hakuwa amesikia alichoambiwa.

Hilo la kutosikia hakuna aliyelijua. Masikio yalianza kumwacha akiwa bado jeshini, polepole, kama sabuni inavyoisha bafuni bila mtu kuona. Alijifunza kusoma midomo ya watu. Alijifunza kujibu "ni kweli kabisa" kwa sauti ya kuridhika. Mtu akimwita mara ya tatu, alisema alikuwa anawaza.

Mwezi wa nne, kwenye kundi la WhatsApp la watu wanaopenda vitu vya kale, mwanamke mmoja alituma picha ya sanduku lililofunguliwa. Lazarus aliitazama picha ile akiwa amesimama jikoni, na chai yake ikapoa. Ndani ya sanduku mlikuwa na sahani bapa yenye umbo la yai, mpini uliokunjwa vipande viwili, kisanduku cha kubeba mgongoni na hedifoni za ngozi. Ilikuwa mashine ya wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, mama wa zile zote alizokuwa nazo. Alikuwa ameitafuta miaka tisa.

Mwenye picha aliitwa Janice Muthoni. Alikuwa akisafisha stoo ya marehemu mamake huko Karen.

Waliandikiana, wakakubaliana aende kuiangalia Alhamisi. Asubuhi hiyo Lazarus alipitia mjini kwanza, kwa Nzula, fundi wa redio wa Barabara ya Luthuli. Betri za mashine ile ziliacha kutengenezwa kabla yeye hajazaliwa, kwa hiyo alikuwa amemwomba Nzula amuunganishie betri ndogo za kisasa, nyingi, kwa mfululizo. Nzula alimkabidhi furushi lililofungwa kwa utepe mweusi. "Usishike huku na huku pamoja," alimwonya. "Itakurusha."

Alifika Karen kabla ya adhuhuri, mawingu yakiwa yameshukia miti.

Janice alikuwa mwanamke wa miaka arobaini hivi, amejifunga leso kichwani kwa sababu ya vumbi la stoo. Sanduku alikuwa ameliweka kwenye meza ya veranda.

"Tulilipata hapa tukihamia, nikiwa mdogo," alisema. "Wazungu waliomuuzia mum nyumba waliliacha. Walisema kitambo sana hapa palikuwa kambi ya wanajeshi. Sisi tulikuwa tunacheza nayo, tunaiita kikaango."

Lazarus alipitisha kidole kwenye ukingo wa sahani ile, akafungua kisanduku, akapangusa valvu, zile taa ndogo za kioo za redio za zamani, moja moja kwa leso yake, akaunganisha betri za Nzula. Baada ya dakika moja valvu zikaanza kuwaka, nyekundu hafifu. Alivaa hedifoni, akaiinamisha sahani juu ya sufuria iliyokuwa sakafuni, akazungusha kitufe cha sauti hadi mwisho. Kwa mbali alisikia kitu kama nyuki aliyefungiwa chumba kingine.

"Niskie?" Janice aliomba. Alipozivaa alizitoa papo hapo. "Woi! Mzee, hii itakupasua masikio!"

"Nilikuwa napima mwisho wake," Lazarus alisema, akapunguza sauti kana kwamba ndivyo alivyokusudia.

Ndipo sauti ya mwanamume ikatoka nyuma ya nyumba. Lazarus hakuisikia. Alimwona tu Janice akigeuza kichwa.

"Ni Kiema," Janice alimwambia. "Ananichimbia shimo la tangi la maji. Anasema amepata sufuria imezikwa."

Walizunguka nyumba wakifuata njia ya toroli. Shimo lilikuwa karibu na ua wa miiba wa kei-apple, mraba, kina chake kikimfika Kiema kifuani. Kiema alikuwa kijana mpana wa mabega, gambuti miguuni, sururu mkononi, na alikuwa akitabasamu kama mtu aliyepata hazina.

"Angalia hii, madam. Ni chuma ya kitambo. Ngoja niigonge itoke."

Lazarus aliona kitu chenyewe kikichungulia kutoka ukutani mwa shimo, usawa wa goti la Kiema, chini kabisa ya vidato alivyokuwa amechonga vya kushukia. Kilikuwa duara, kipana kama ungo mdogo, kimejaa kutu, na katikati yake palikuwa na kifuniko kilichoinuka kidogo.

"Usiguse!"

Sauti iliyomtoka haikuwa ya mzee wa Mutuini. Ilikuwa ya sajini. Kiema aliganda, sururu ikiwa hewani.

"Shusha sururu polepole. Hapana, usiitupe chini. Nyoosha mpini huku, niipokee. Hivyo. Sasa simama hapo hapo ulipo. Miguu isisogee."

"Mzee, nini?"

"Ni bomu, ndugu yangu. La kutegea magari."

Janice alishika mdomo. Kiema aliangalia chini, kisha akaangalia juu, tabasamu likiwa bado usoni kwa kuwa halikujua liende wapi.

"Lilitengenezewa gari, si mtu," Lazarus aliendelea, akichuchumaa ili Kiema amwone uso. "Uzito wako ni mdogo. Lakini limekaa humo miaka themanini, na chuma kikioza hakuna anayejua kinataka uzito gani. Na likipatikana moja, huwa halikuzikwa peke yake. Kwa hiyo hatusogei mpaka wenye kazi waje."

Janice alipiga simu kwa polisi. Lazarus alimwangalia midomo. Ndiyo, Karen. Ndiyo, mtu yuko ndani. Kisha akawa anarudia aliyoambiwa: msiguse chochote, tokeni wote, aliye shimoni asimame, wataalamu wanatoka upande wa pili wa jiji. Ilikuwa ndiyo amri ambayo Lazarus mwenyewe angeitoa. Alimtuma Janice awatoe msichana wa kazi na majirani wa karibu hadi barabarani. Yeye akabaki.

Robo saa ilipita. Kiema alianza kuzungumza, maneno yakimtoka bila kituo: tangi lingebeba lita elfu kumi, udongo wa Karen ni mlaini kuliko wa kwao Makueni, kakake alimwambia aende kazi ya bodaboda akakataa kwa kuogopa ajali. Lazarus aliitikia kwa kichwa. Nusu yake hakuisikia.

Kisha mvua ikaanza. Haikuja kwa matone. Ilimwagika.

Lazarus aliangalia upande wa ua, ambako Kiema alikuwa amerundika udongo na mawe yote ya siku mbili. Rundo lilikuwa refu kuliko mtu. Chini yake, kwenye ukingo wa shimo, palikuwa na ufa mwembamba wa urefu wa mkono. Alipouangalia tena baada ya muda mfupi, ulikuwa umepanuka kiasi cha kuingia kidole, na maji yalikuwa yakitiririka ndani.

Rundo lile likianguka, Kiema angefunikwa. Na mawe yangeliangukia bomu.

Janice alirudi akiwa ameloa chapachapa. "Wamekwama Ngong Road. Wanasema nusu saa, labda zaidi."

"Hatuna nusu saa," Lazarus alisema. "Leta ile mashine. Leta na mwiko wa mbao, na ule ubao mrefu wa veranda. Kisha utoke hadi barabarani."

Njia ya kuingilia shimoni haikufaa, bomu lilikuwa chini ya vidato vyenyewe. Upande wa ua ulikuwa na rundo. Pande mbili zilibaki, ule uliokuwa na mti wa mparachichi na ule wa nyumba, na mmojawapo ndio Kiema angeupandia, akiukandamiza kwa uzito wake wote.

Alifunika kisanduku kwa mfuko wa plastiki, akakiweka mgongoni, akavaa hedifoni. Alipiga magoti kwenye njia ya toroli, mahali palipokwisha kukanyagwa mara mia, akanyoosha sahani juu ya nyasi za upande wa mparachichi. Taratibu, kushoto kwenda kulia. Sahani ikikaribia ardhi bila kuigusa. Mikono haikuwa imesahau. Alirudia mara mbili.

Hakusikia kitu. Mvua tu, na ile sauti ya upepo iliyokuwa ikiishi kichwani mwake mchana na usiku.

Alifungua mdomo amwambie Kiema kwamba ni safi.

Neno hilo hilo alikuwa amelitamka miaka kumi na minane iliyopita, katika nchi ya mbali walikopelekwa kulinda amani, kando ya barabara ya vumbi jekundu. Alikuwa amepitisha mashine, hakusikia kitu, akageuka na kumwambia Fidel, rafiki yake wa kulala kitanda cha juu, "Safi." Fidel alipiga hatua nne. Uchunguzi ulisema mashine ilikuwa na hitilafu. Lazarus aliuacha useme hivyo. Kuanzia hapo alianza kukusanya mashine, akizifungua moja baada ya nyingine, akitafuta hitilafu ambayo alijua haimo.

"Mzee?" Kiema aliita. "Nipandie hapo?"

Lazarus aliona midomo yake ikiuliza. Alitoa hedifoni.

Alipogeuka, Janice alikuwa bado amesimama nyuma yake. Hakuwa ameenda barabarani.

"Sisikii," Lazarus alimwambia.

"Mvua ni kubwa, ngoja—"

"Si mvua. Masikio yangu yamekufa, Janice. Yalikufa zamani. Mara ya mwisho niliposema mahali ni safi, rafiki yangu alikufa hapo. Sijawahi kumwambia mtu." Alimnyooshea hedifoni. "Mikono yangu inajua kazi. Lakini nahitaji masikio. Siwezi kukulazimisha. Ukienda, sitakulaumu."

Janice alichukua hedifoni mkononi mwake, akazipangusa kwa leso, akazivaa, na kupiga magoti nyuma yake kwenye matope.

"Nifanye aje?"

"Weka mkono begani kwangu. Kukiwa kimya, uache tu hapo. Ikilia, finya. Ikilia sana, finya sana. Usiseme, sitakusikia."

Alirudisha sahani juu ya nyasi zile zile za mparachichi. Mkono wa Janice ulikuwa mwepesi begani. Kushoto, katikati. Alipofika kulia vidole vikafinya, kisha vikafinya zaidi, kisha kucha zikapenya koti.

Lazarus aliiondoa sahani kana kwamba nyasi zimeshika moto. Hapo ndipo alipokuwa karibu kumpandisha Kiema. Alihamia upande wa nyumba.

Kiema alikuwa ameanza kuimba wimbo wa kanisani, macho yamefumbwa. Janice alimpungia mkono kwa hasira. "Nyamaza, Kiema! Nataka kuskia!" Akanyamaza, midomo ikiendelea bila sauti.

Upande wa nyumba. Kushoto, kimya. Katikati, kimya. Kulia, kimya. Lazarus alisogeza sahani hadi kwenye ukingo wenyewe. Mkono ukatingishika. Haukufinya. Ulitingishika tu.

Aligeuka amtazame uso. "Unasikia nini?"

"Sijui. Kuna kitu kadogo. Kama mbu. Ama ni moyo wangu."

"Nitaiinua, kisha niishushe. Niambie kama inabadilika."

Aliinua. Akashusha. Janice alikunja uso, mvua ikimtiririka puani. "Ni nyembamba. Ile ingine ilikuwa nene, ilikuwa inajaa kichwa yote. Hii iko mahali moja tu, ukisonga inapotea."

Kitu kidogo basi, au kitu kikubwa kilicho chini sana. Upande wa ua kipande cha ukingo chini ya rundo kilikatika na kuanguka shimoni kwa kishindo ambacho hata Lazarus alikihisi magotini. Kiema alipiga kelele. Jiwe moja lilibingirika likasimama hatua moja kutoka kwenye gambuti lake.

Lazarus alilala kifudifudi, akashika mwiko, na kuanza kuchokonoa matope kwa pembeni, akiuingiza kwa mshazari, kidogo, akitoa, akiingiza tena. Mwiko uligusa kitu. Alikizunguka kwa ncha ya kidole. Kilipita kidogo ukubwa wa sarafu ya shilingi ishirini, kimekunjwa meno pembeni. Alikichomoa.

Kizibo cha chupa ya soda.

Alikitupa mbali, akapitisha sahani tena. Mkono begani ulitulia, ukakaa hivyo.

"Sakafu sasa," alisema. Alinyoosha mpini wote, akaishusha sahani ndani ya shimo, kati ya Kiema na ukuta wa nyumba. Vidole vikafinya katikati. Alisogea kushoto. Vikaachia. "Kiema! Unaona kidole changu? Mguu wa kushoto, uburute ukutani hadi hapo. Usiuinue sana. Vizuri. Sasa wa kulia, uuweke nyuma ya wa kushoto. Usikanyage katikati, hata kwa kisigino."

Kiema aliburuta mguu. Hatua moja. Nyingine. Mgongo wake ukagusa ukuta wa upande wa nyumba.

Lazarus na Janice waliulaza ubao kutoka kwenye njia ya toroli, ncha yake ikifika ukingo wa upande wa nyumba. Lazarus alijilaza juu yake na kushusha mikono yote miwili.

"Shika vifundo vya mikono yangu, si vidole. Utajivuta kama nyoka, tumbo likiwa chini. Ukitoka, tambaa kwenye ubao, kisha ufuate njia ya toroli hadi barabarani. Usikimbie."

Kiema alikuwa mzito. Mabega ya Lazarus yalilia, kifua kilibanwa ubaoni, na kwa kitambo alidhani wote wawili wataingia. Janice alimkalia miguu. Gambuti moja lilibaki kwenye tope. Kisha kifua cha Kiema kikapanda ubaoni, kiuno, magoti, na akawa amelala hapo, mdomo ukiwa umejaa majani.

Hakutembea. Alikimbia. Nao pia walikimbia, mzee wa miaka sitini na mmoja akiwa amebeba mashine begani na mwanamke akimfuata kwa waya wa hedifoni alizosahau kuzivua.

Rundo liliporomoka walipokuwa getini. Janice alilisikia, akamvuta Lazarus nyuma ya ukuta, na wote watatu wakakaa chini vichwa vikiwa magotini, wakingoja.

Hakukulipuka kitu. Mvua iliendelea kunyesha.

"Hata kama si bomu," Kiema alisema baada ya muda, akiwa na gambuti moja, "si hiyo mchanga yenyewe ingenimaliza?" Alitaka kumpigia mkewe simu. Vidole vilikataa kubonyeza, ikabidi Janice ambonyezee.

Wataalamu walifika, wakafunga barabara. Katika siku tatu walizofanya kazi pale walitoa mabomu saba. La chini ya mparachichi, afisa wao alieleza, kifuniko chake kilikuwa kimeoza kikabaki kama karatasi.

Lakini hilo walilijua baadaye. Alhamisi ile afisa alisimama chini ya mwavuli akiandika taarifa, akauliza, "Ni nani aliyepima?"

Janice alimtazama Lazarus. Alikuwa amemwachia ajibu atakavyo.

"Mimi nilishika mashine," Lazarus alisema. "Aliyesikia ni yeye. Mimi ni kiziwi. Andika hivyo."

Afisa aliandika.

Jumapili Ivyne alipokuja, Lazarus alimkalisha na kumweleza yote, kuanzia barabara ya vumbi jekundu. Ivyne hakupiga kelele. Alilia kidogo, akauliza, akisema polepole ili amwone midomo, "Na Peres anajua?"

Peres alikuwa mjane wa Fidel. Kila Krismasi Lazarus alimtumia ujumbe wa heri. Hakuwahi kumpigia.

"Hajui."

Ivyne alichukua simu ya babake, akaitafuta nambari, akaiweka kwenye spika katikati ya meza. Lazarus angeweza kumzuia. Sauti ya mwanamke ilitoka, maneno yake asiweze kuyapata, naye akaanza kuzungumza akiitazama simu. Alisema kwamba mashine haikuwa na hitilafu. Alisema hitilafu ilikuwa yeye. Alipomaliza alimgeukia binti yake, kwa sababu hakuwa na njia nyingine ya kujua amejibiwa nini.

Ivyne alikuwa amesikiliza kwa muda mrefu, mkono mdomoni.

"Anasema alijua tangu mazishi," alimwambia. "Anasema ulikuwa unamjibu maswali ambayo hakuwa amekuuliza. Alingoja umwambie mwenyewe. Anasema alikasirika miaka mingi, na hata sasa hajui kama amemaliza."

Lazarus aliinamisha kichwa. Ivyne akamgusa mkono aangalie tena.

"Anauliza utaenda lini kumwona."

"Mwambie Jumanne," alisema.